Nilishaondoka kwake, mbona mwili ndio kwanza unaumwa?

SWALI

Shikamooni wana safu. Naomba jina langu lisitajwe, huku mtaani tunajuana. Nina miaka 38, ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, na nina watoto wawili. Niliishi na mume miaka kumi na moja. Kunipiga alinipiga, lakini kilichonimaliza ni maneno, kununiwa wiki nzima, kufungiwa nje usiku na kukaguliwa simu kila jioni. Hata kabla yake sikukulia pazuri. Baba wa kambo alikuwa akirudi amelewa, sisi watoto tunajifanya tumelala huku tunasikiliza hatua zake.

Niliondoka. Huu ni mwaka wa nne niko kwangu, nalipa kodi yangu, hakuna anayenigombeza. Ajabu ni kwamba nilipokuwa kwake sikuwa mtu wa kuumwa. Kuumwa kumenianza nikiwa kwenye amani. Shingo na mabega vinakaza mpaka kichwa kinauma kila siku. Tumbo linawaka, mara choo kigumu, mara naharisha. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu, vidole na midomo vinaingia ganzi, naona kama nakata roho. Usiku nashtuka saa tisa na silali tena. Asubuhi taya linauma. Hedhi nayo imevurugika.

Nimepimwa mpaka nimechoka. Kila nikienda kituo cha karibu naambiwa nina taifodi na UTI, napewa dawa, baada ya wiki chache ni yale yale. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo kilionesha ninao, nikamaliza dozi, nikarudia kipimo kile kile, bado wapo. Hospitali kubwa nikamezeshwa kamera, wakasema hakuna kidonda. Kipimo cha moyo kiko sawa. Presha siku nyingine 150 kwa 95, siku nyingine 120 kwa 80. Daktari wa mwisho akaniambia, "Mama, huna ugonjwa, ni mawazo tu." Nilitoka pale nalia. Natumia diclofenac ya maumivu karibu kila siku, omeprazole ya kupunguza asidi tumboni, na mara moja moja diazepam ya kutuliza anayonigawia jirani.

Mama yangu anasema mtalaka wangu ameniroga, anataka twende kwenye maombi ya kufunga siku tatu bila hata maji. Rafiki yangu anasema nichange hela nipige MRI ya kichwa. Mtalaka wangu huja kila mwisho wa mwezi kuleta hela ya watoto na kuwaona, na safari hii nilitapika tangu asubuhi kabla hata hajafika. Je, yaliyopita yanaweza kuumiza mwili namna hii? Na ni lazima nisimulie yote ndipo nipone?

Nyongeza: binti yangu wa miaka 9 ameanza kulalamika tumbo asubuhi. Naogopa.

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na pole sana.

Tuanze na lile lililokuliza. Unaumwa kweli. Kipimo cha moyo husoma umeme wa moyo kwa sekunde chache, na kamera huangalia ngozi ya ndani ya tumbo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonesha jinsi neva zinavyoviendesha viungo hivyo, na tatizo lako kwa sehemu kubwa liko hapo. Moyo wako ni mzima, ila unaendeshwa kama wa mtu anayekimbizwa.

Ukiona hatari, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora kabla hata hujafikiri. Hipothalamasi inapokea, na kwa njia ya neva tezi za adrenali zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Mapigo yanapanda, misuli ya shingo, mabega na taya inajiandaa kwa vita, pumzi inakuwa ya haraka. Dakika kadhaa baadaye inafuata kotisoli, inayopitia tezi ya pituitari, kazi yake kuuweka mwili katika hali hiyo na kuupatia sukari ya kutumia. Mfumo huu umeumbwa ufanye kazi kwa muda mfupi kisha uzime. Kwa mtu aliyejifunza utotoni kusikiliza hatua za mlevi mlangoni, halafu akaishi miaka kumi na moja akisoma uso wa mume kila jioni, haukupata nafasi ya kuzima. Unazoea kukaa nusu wazi.

Dalili zako sasa zinasomeka. King'ora hicho kinachelewesha tumbo kumwaga chakula na papo hapo kinaharakisha utumbo mpana, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kujaa gesi, kusikia kichefuchefu na kuharisha siku moja. Misuli isiyolegea mchana inaendelea usiku, unasaga meno bila kujua, taya linaamka linauma na maumivu yanapanda kichwani. Hedhi inavurugika kwa kuwa hipothalamasi ndiyo hiyo hiyo inayotoa amri kwa ovari, na ikiona hatari hupunguza amri hizo. Saa tisa usiku nayo ina sababu yake. Katika nusu ya pili ya usiku usingizi huwa mwepesi na wenye ndoto nyingi, na kotisoli huanza kupanda kuelekea alfajiri. Mtu mwingine hupita hapo bila kushtuka, wewe unazinduka.

Ganzi ya vidole na midomo inawatisha watu kuliko yote, wengi hudhani ni kiharusi. Ukipumua haraka kwa juu juu unatoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Ikishuka kwenye damu, mishipa ya ubongo inabana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vya mikono yote miwili na midomo vinachonyota, kifua kinabana. Unaogopa, unapumua haraka zaidi, na mzunguko unajizungusha. Kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja: uso unapinda, mkono mmoja unakosa nguvu, maneno yanakwama. Hilo likitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu swali lako la kwanza, jibu ni ndiyo, na ushahidi upo. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti uliofanyika San Diego, Marekani, wakiwauliza watu wazima waliyopitia utotoni: kupigwa, kutukanwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi ndani ya nyumba. Kadiri mtu alivyotaja mambo mengi, ndivyo magonjwa ya moyo, mapafu na ini, pamoja na sonona, yalivyoonekana zaidi ukubwani. Hawakuwa mafukara hawa. Walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wenye elimu, kwa hiyo hoja kwamba ni umaskini tu haitoshi. Huko Ohio, mwaka 1995, watafiti waliweka kidonda kidogo cha kufanana kwenye ngozi ya wanawake waliokuwa wakiuguza wazazi au waume wenye ugonjwa wa kusahau, na ya wenzao wasiokuwa na mzigo huo. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa takriban siku 9. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hauko peke yako kwenye foleni hiyo ya hospitali, ila hakuna anayewauliza walio mbele na nyuma yako. Takwimu hizi zinazungumzia makundi. Hazimwandikii mtu mmoja hatima yake.

Mbona basi umeanza kuumwa baada ya kuondoka? Jambo hili madaktari wanalijua, wapo ambao dalili zao hukamilika zaidi ya miezi 6 baada ya hatari kupita, hata miaka. Ulipokuwa ndani ya ile nyumba akili yako yote ilikuwa kwake, maumivu yako hayakupata msikilizaji. Mwili ni kama mlinzi aliyekesha miaka: ukimwambia kazi imekwisha anaanza kusikia miguu inauma, lakini bado anaruka kila geti likigongwa. Na kwako geti linagongwa kweli, kila mwisho wa mwezi. Tutarudi hapo.

Kwanza tufungue fundo la vipimo, maana sehemu ya ugonjwa wako, samahani kusema, imetoka kwenye tiba. Kipimo cha taifodi kinachotumika vituo vingi, kile cha Widal, kinatafuta kingamwili kwenye damu. Hizo hubaki baada ya maambukizi ya zamani na huweza kuchokozwa na magonjwa mengine, kwa hiyo "taifodi" yaweza kuonekana kwa mtu asiye nayo. Taifodi ya kweli huja na homa inayoendelea siku hadi siku, na huthibitishwa kwa kuotesha damu. UTI nayo bila mkojo kuwaka wala kwenda haja mara kwa mara, isithibitishwe kwa kuangalia chembe mbili tatu tu za usaha kwenye hadubini. Antibaiotiki za kurudia rudia huvuruga utumbo, na ciprofloxacin, ambayo hupewa sana kwa taifodi, yenyewe inaweza kuleta wasiwasi na kukosa usingizi. Unaona lilivyo jambo: dawa ya ugonjwa ambao huenda hukuwa nao, inaongeza dalili zilizokupeleka hospitali.

Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda, Helicobacter pylori, kina kasoro hiyo hiyo. Kinaweza kubaki chanya muda mrefu hata baada ya bakteria kufa, hivyo kukirudia baada ya dozi hakukuambii kitu. Omba kipimo cha choo cha antijeni, kinachotafuta vipande vya bakteria mwenyewe, ukiwa umemaliza antibaiotiki angalau wiki 4 na umesimamisha omeprazole wiki 2. Ukikifanya ukiwa bado unaimeza, kinaweza kusema huna kumbe unao. Kiungulia kinaweza kupanda kwa muda ukiacha omeprazole ghafla baada ya miezi mingi, hiyo si dalili kwamba kidonda kimefunguka. Na kwa kuwa watu husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo: Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonesha mchango wa bakteria huyo. Visababishi vikubwa viwili vya vidonda ni yeye na dawa za maumivu kama diclofenac.

Hiyo diclofenac ndiyo kitu cha kwanza tungetaka kiondoke mezani kwako. Inazuia kemikali zinazolinda ngozi ya tumbo, ndiyo sababu mojawapo tumbo linawaka. Inapunguza damu inayofika kwenye figo na inaweza kupandisha presha. Zaidi ya hapo, ukitumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa muda mrefu, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa cha kila siku. Ukiiacha, kichwa kitazidi kwa siku kadhaa, mara nyingi kati ya 2 na 10, kabla ya kupungua. Chagua wakati wa likizo ya shule. Usiibadilishe kwa kumeza paracetamol kila siku, utakuwa umehamisha tatizo chumba cha pili.

Diazepam ya jirani, mrudishie. Inazima king'ora kwa saa chache bila kukifundisha kitu, na mwili huizoea ndani ya wiki chache. Ikiwa ni mara moja moja kama ulivyoandika, acha tu. Kama ukweli ni kila usiku, mwambie daktari akupunguzie polepole, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Kuna kipimo ambacho hatukukiona kwenye barua yako, nacho ni cha tezi ya shingo, TSH. Tezi ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, kuharisha, kukosa usingizi, wasiwasi na hedhi kuvurugika, yaani karibu barua yako nzima. Isingefaa mtu akuambie "ni mawazo" kabla ya kipimo hicho. Kipime pamoja na wingi wa damu, sukari, kreatinini ya figo kwa ajili ya ile diclofenac, na ujauzito kama inawezekana. Fanya mara moja, mahali pamoja, kwa daktari mmoja anayesoma majibu yote, kisha simama. MRI kwa maelezo uliyotoa haina la kukuambia, hela hiyo ina kazi nyingine. Ungekuwa na kichwa kilichoanza ghafla kama radi, kifafa, kuona vitu viwili viwili au udhaifu wa upande mmoja, tungesema vingine. Vivyo hivyo, choo cheusi kama lami, kutapika damu, kukwama chakula kooni, kupungua uzito bila sababu, kuzimia, au kifua kuuma ukipanda mlima na kutulia ukipumzika, havisubiri ushauri wa gazetini.

Presha yako inayopanda na kushuka ipime nyumbani. Kaa kitini dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu. Pima mara mbili ukipishanisha dakika 1, asubuhi na jioni, siku 7. Acha hesabu za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi, nenda kaanze matibabu ya presha, iwe imeletwa na kiwewe au na kitu kingine. Mishipa haiulizi chanzo.

Sasa, kuufundisha mwili. Pumzi ndiyo mlango rahisi wa mfumo huu unaoweza kuufungua kwa hiari. Ukitoa pumzi taratibu, neva ya vagasi, ile inayotoka ubongoni kwenda moyoni na tumboni, hupunguza mapigo ya moyo. Kaa mgongo ukutani, mlango unauona, macho wazi, maana waliopitia kama yako wengi hushtuka wakiambiwa wafumbe macho. Mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, tumbo ndilo linyanyuke na si mabega. Dakika 5 asubuhi kabla watoto hawajaamka na dakika 5 usiku. Kosa la wengi ni kuvuta mapande makubwa ya hewa, wakazidisha kizunguzungu na kusema zoezi halifai. Pumzi iwe ndogo, ndefu, ya kivivu. Kosa la pili ni kulijaribu kwa mara ya kwanza wakati moyo umeshalipuka. Lizoee kwanza ukiwa umetulia, wiki mbili tatu, ndipo litakufaa siku mbaya.

Kati ya kipindi na kipindi shuleni, nyanyua mabega mpaka masikioni ukihesabu 5, yaachie yaanguke ukihesabu 10, mara 5. Mchana midomo ikiwa imefumba, meno ya juu na ya chini yasigusane, jiwekee alama kwenye kalamu ikukumbushe. Usiku weka kitambaa cha maji ya moto kwenye taya na shingo dakika 15. Daktari wa meno akiona meno yamelika anaweza kukutengenezea kikinga cha kuvaa ukilala. Tembea kwa miguu dakika 30 siku tano za wiki, mwendo wa kuongea lakini si wa kuimba.

Usingizi una kanuni chache, na ngumu ni ya kuamka: saa ile ile kila siku, hata kama ulikesha, hata Jumapili. Ukizinduka saa tisa usitazame saa. Ukiona kama dakika 20 zimepita, toka kitandani, kaa kiti kingine kwenye mwanga hafifu na kitu cha kuchosha, madaftari ya kusahihisha yanafaa sana, urudi usingizi ukija. Chai ya rangi mwisho saa nane mchana. Nusu hivi ya kafeini ya kikombe cha saa kumi jioni bado imo kwenye damu saa tatu usiku.

Kwa swali la kusimulia: hapana, si lazima usimulie yote, wala si kwa kila mtu, wala si leo. Nairobi walijaribu mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao 5 tu, mara moja kwa wiki, kila kimoja dakika 90, ulioendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa kazi hiyo. Walioshiriki walikuwa wanawake 421, wengi wao wamepitia ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha dhiki ilipungua zaidi kwa waliopata vikao hivyo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Ndani yake kuna pumzi ya polepole, kutatua tatizo moja moja, kurudia shughuli ulizoacha na kujenga watu wa kukushika mkono. Hakuna kikao cha kufukua kila kipigo.

Ikiwa ndoto mbaya na picha za zamani zinaendelea kukuvamia mchana, huo unaweza kuwa ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, na kwa huo yapo matibabu yanayoigusa kumbukumbu yenyewe kwa mpangilio. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mawili: tiba ya mwenendo na fikra inayolenga kiwewe, na ile ya kusogeza macho iitwayo EMDR, ambayo haidai maelezo marefu. Anzia kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kama kuna mwanasaikolojia tiba na siku zake. Swali la kumpima nalo ni hili: "Tutafanya nini kikao cha pili?" Akikosa jibu zaidi ya "tutaongea", tafuta mwingine. Na akikulazimisha usimulie yote siku ya kwanza, una haki ya kusema basi. Kumwaga kila kitu mara moja kabla mwili haujajifunza kutulia humwacha mtu amevurugika wiki nzima.

Daktari anaweza kukuandikia fluoxetine au sertraline, dawa za sonona na wasiwasi. Zinachukua wiki 2 hadi 6 kuonesha kazi, siku za mwanzo kichefuchefu na wasiwasi vinaweza kuzidi, na haziachwi ghafla. Wengine hupewa amitriptyline kidogo usiku kwa kichwa na usingizi. Inakausha mdomo na kufunga choo, na si ya kugawana, ikizidi dozi inadhuru moyo. Ukifika mahali unafikiria kujidhuru, nenda idara ya dharura siku hiyo hiyo na uliseme kwa maneno hayo hayo.

Turudi mwisho wa mwezi. Chukua daftari, kwa wiki 6 andika kila jioni mistari michache: saa, dalili, kilichotangulia, ulichokula, ulilala saa ngapi. Tunavyokusoma, maumivu yatapanda kuanzia tarehe 25 hivi. Mazoezi ya pumzi hayashindi hatari inayobisha hodi, kwa hiyo badilisha mpango wenyewe. Hela itumwe kwa simu. Watoto wamwone baba yao kwa mjomba wao, au mahali atakapopanga ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, siku na saa zilizoandikwa, wewe usiwepo. Haki yao ya kumwona haihitaji afike mlangoni kwako. Ujumbe wake wa simu usome mara moja kwa siku, mchana, usiwe wa mwisho kabla ya kulala. Akitisha au akikufuata, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo cha polisi, na kila ujumbe wa vitisho uuhifadhi usiufute.

Mama yako anakupenda, usigombane naye. Maombi hayapingani na chochote tulichoandika, kusali na watu wanaokupenda kunasaidia wengi. Ila kufunga siku tatu bila maji, wakati figo zako zimetumika na diclofenac kwa muda mrefu, hapana. Mwambie asali na wewe huku unakunywa maji. Na yeyote atakayetaka kukukandamiza au kukupiga ili kutoa kitu, ondoka.

Kuhusu binti, hofu yako isitangulie. Mpeleke apimwe choo kwa minyoo na mkojo, na uulize kama anapata choo kigumu, hicho huumiza tumbo la watoto kuliko watu wanavyodhani. Maumivu yanayomwamsha usiku, homa, kutapika, damu kwenye choo, kukonda, au maumivu yaliyo mbali na kitovu yanahitaji daktari mapema. Vipimo vikiwa safi, tazama kalenda: ni siku za shule tu? Ni karibu na ujio wa baba? Likizo yanakwisha? Uliza mkiwa mnafanya kitu pamoja, kama kuchambua mchele, si kwa kumkalisha mbele yako, na uliza pia ya shuleni na ya njiani, maana si kila jambo lake linatoka kwa baba yake. Usimwambie anadeka. Mwambie unaamini linauma, mpe chai na uji mwepesi, mfanye naye zile pumzi za 4 na 6 mkono ukiwa tumboni kwake, kisha aende shule, kwa sababu kubaki nyumbani hulikuza tumbo la kesho yake. Akikuambia mtu anamuumiza, usimhoji mara mbili mbili. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na piga 116, simu ya watoto, ni bure.